MBA, CPA, CFA au video za bure: ujifunzie wapi fedha za kampuni?

Shemeji yangu wa Singida alinipigia simu jioni moja nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Ubungo. Kaonyeshwa mashine ya kukamua alizeti, shilingi milioni 120 mpaka inafungwa na kuwashwa. Kwa hesabu zake, akishatoa umeme, vibarua, matengenezo na kodi, itamwachia milioni 40 kila mwaka kwa miaka mitano. Baada ya hapo ni chuma chakavu.

"Shemeji, wewe si umesomea mambo haya? Ninunue?"

Nilipofika nyumbani nikampigia binamu yangu mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, ili tusaidiane. Hakuuliza bei ya mashine wala bei ya mafuta. Alichouliza ni hiki: "Kiwango umepewa asilimia ngapi?"

Umepewa! Sikupewa na mtu. Na hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya shule yake na shule yangu kwa uwazi kuliko siku yoyote. Watu huniuliza mara kwa mara kama wasome MBA (shahada ya uzamili ya biashara), wafanye CPA, wajisajili CFA (mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji) au wajifungie ndani na video za YouTube, na nimekuwa nikiwajibu kwa kuzungukazunguka. Safari hii nitazilinganisha njia hizi nne kwa swali la shemeji peke yake, maana somo la msingi la fedha za kampuni likiminywa lote hubaki hilo: hela itoke leo, irudi kidogo kidogo kesho, je, inafaa?

Kwanza tuione hesabu yenyewe, halafu ndiyo tuzungumzie shule.

Kipindi cha kurudisha mtaji ni miaka mitatu: milioni 120 gawanya kwa 40. Hii kila mfanyabiashara anaijua bila kwenda darasani. Ukiingia kwenye NPV, yaani thamani ya leo ya fedha zote zitakazokuja ukiondoa ulichotoa, jibu linategemea kiwango cha punguzo ulichotumia, ile asilimia unayoshushia fedha ya kesho ili ilingane na ya leo. Kwa asilimia 10 mashine inaleta ziada ya milioni 31.6, na ni ujinga kuiacha. Kwa asilimia 18 ziada ni milioni 5.1. Kwa asilimia 22 unakula hasara ya milioni 5.5. IRR, kiwango ambacho faida na hasara zinakutana, ni karibu asilimia 19.9.

Mashine ni ileile, alizeti ni ileile, shemeji ni yuleyule. Kilichobadilika ni namba moja tu. Ndiyo maana swali nitakalomuuliza kila mwalimu hapa ni moja: kiwango kinatoka wapi?

MBA: mnakigombania

Nilisoma MBA ya jioni. Chuo sitakitaja, kwa sababu nina la kulalamika huko mbele. Hapa nchini wengi huenda Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe kwenye kampasi yake ya Dar, au IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kwa wanaotaka shahada ya uzamili iliyoegemea fedha moja kwa moja. Arusha kuna ESAMI, taasisi ya menejimenti ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Wakenya wana Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore. Mtaala wa somo hili haupishani sana: thamani ya fedha kwa wakati, bei ya hatifungani na hisa, uchambuzi wa miradi, hatari na faida, gharama ya mtaji, muundo wa mtaji, gawio, mtaji wa kuendeshea, na muda ukiruhusu, kampuni kununuana.

Kipindi kilianza saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Watu wanaingia na tai zimelegezwa, mwingine kashika chapati kwenye karatasi. Jioni ninayoikumbuka ni ile ambayo mhadhiri aliandika ubaoni mradi unaofanana na wa shemeji, akaweka chini kalamu na kuuliza: "Tupunguze kwa ngapi?"

Wa benki akasema 16, ndiyo riba ya mkopo. Mhandisi akasema 12, kaiona kwenye andiko la mradi la idara yao. Mama mmoja mwenye maduka ya dawa akacheka, akasema hela yake inazunguka mara nne kwa mwaka, kwa hiyo hiyo 16 ni ya watu wenye subira. Kijana wa nyuma akasema 10, kwa sababu mfano wa kwenye kitabu ulikuwa 10. Mhadhiri akawaacha wabishane kama dakika 40 hivi, akiingilia kwa vijiswali tu. Mwisho akamgeukia yule wa 10: "Kitabu kimeandikwa Marekani, kwa dola. Wewe mashine yako inaingiza dola?"

Darasa likatulia. Halafu akatutupia jambo ambalo silisahau. Hatifungani ya serikali ya miaka 25, ilipoanza kuuzwa mwaka 2021, ilibeba riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, inalipwa mara mbili kwa mwaka, na wewe umelala. Sasa kama mradi wa kukamua mafuta unaupimia kwa 18, maana yake ni kwamba kwa nyongeza ya pointi mbili tu uko radhi kupambana na mvua kugoma, umeme kukatika, mafuta kutoka nje kushusha bei, na fundi asiyepokea simu. Kweli uko radhi?

Jambo hilo halikuwa kwenye slaidi, na hakuna mtihani wa pasti pepa ungenifundisha.

Baada ya ubishi tulikokotoa. Tuseme mradi unagharamiwa kwa mkopo asilimia 40 na mtaji wa wenye mali asilimia 60. Mkopo ni wa riba ya 16, lakini riba hupunguza faida inayotozwa kodi, na kodi ya kampuni Tanzania ni asilimia 30, hivyo mkopo kwa kampuni unagharimu 11.2. Wenye mali wakidai 24, wastani wa gharama ya mtaji unakuja 18.88, na mashine ya shemeji inapata ziada ya milioni 2.6. Wenye mali wakidai 28, wastani unapanda hadi 21.28 na mashine inageuka hasara ya milioni 3.7. Basi ubishi wote wa ukumbini ulikuwa kuhusu pointi nne za madai ya mwenye hisa, na pointi hizo hakuna anayekuletea kwenye sahani.

Kutoka hapo ndipo wachumi Modigliani na Miller wanaingia. Makala yao ya mwaka 1958 ilisema, kwa masharti magumu, kwamba namna unavyochanganya mkopo na hisa haibadilishi thamani ya kampuni. Mwaka 1963 wakairekebisha kwa kuingiza kodi, na mkopo ukapata faida yake. Wanafunzi wengi huikariri kama dua. Darasani kwetu ilipata uhai pale mwenzetu mmoja aliposema ndugu yake anauza vifaa vya ujenzi na analipa kodi ya makadirio, ile inayokatwa kwa kuangalia mauzo. Akilipa riba milioni 16, kodi yake haishuki hata shilingi. Ile kinga ya kodi ambayo kampuni ingeipata, milioni 4.8, kwake haipo. Nadharia nzima ya kukopa ili kuokoa kodi haimhusu mpaka atunze hesabu na aanze kutozwa kodi kwa faida.

Hiyo ndiyo faida ya MBA, na nakubali kwamba inategemea mno watu mliokaa nao. Darasa la wahitimu wa juzi wasio na kazi halitakupa ubishi wa namna hiyo.

Sasa malalamiko. Somo la muhula uliofuata lilifundishwa na mtu aliyesoma slaidi neno kwa neno, akiwa amelipa kisogo darasa. Kazi za kikundi: tulikuwa sita, tukafanya wawili, majina yakaandikwa sita. Kuna mwenzetu alimaliza mwaka wa kwanza wote kwa kudesa na hakuwahi kufungua Excel. Kwa kuwa kwa kawaida kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, mtu kama huyo anaweza kupita akiwa na sapu moja tu. Ana shahada kama yangu. Halafu kuna tasnifu, ambayo imewaweka watu wazima miaka wakiitafuta sahihi ya msimamizi.

CPA: unapewa

Binamu alikuwa na sababu ya kuuliza vile. Kwenye mitihani ya bodi za wahasibu, iwe ya NBAA hapa kwetu au KASNEB kwa Wakenya, swali la uchambuzi wa mradi mara nyingi huja limeshiba: gharama ya mashine, mauzo ya kila mwaka, uchakavu, kiwango cha kodi, na mstari wa mwisho unaokwambia gharama ya mtaji ni asilimia kadhaa. Kazi yako ni kupanga safu bila kukosea, na saa inakimbia.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo CPA inaposhindwa na MBA, nikaishia hapo. Lakini ngoja niseme kilichotokea.

Nilimtumia binamu jedwali langu la mashine ya shemeji, lenye viwango vitatu na maelezo mazuri ya hatari. Alinirudishia baada ya dakika kumi na ujumbe mmoja: "Alizeti ya kukamua inatoka wapi?"

Sikuwa nimeiweka. Mashine haikamui hewa. Alizeti inanunuliwa wakati wa mavuno, inalala ghalani, na hela iliyolala humo ni mtaji wa kuendeshea ambao lazima utoke siku ya kwanza, pamoja na bei ya mashine. Tulimuuliza shemeji, akasema si chini ya milioni 25. Fedha hiyo hairudi mpaka mwaka wa tano atakapofunga. Kwa asilimia 18, kuifunga milioni 25 ghalani miaka mitano kunagharimu milioni 14.1 kwa thamani ya leo. Ile ziada yangu ya milioni 5.1 ikawa hasara ya milioni 9. Kabla hata hatujabishana kuhusu kiwango!

Mimi nilibishania kiwango jioni nzima, na mradi ulikuwa umekufa mlangoni kwa sababu ya magunia. Binamu aliona kwa sababu amefanya maswali ya aina hiyo mamia, na mtego wa mtaji wa kuendeshea ni wa kila mwaka. Yeye hachanganyi faida na fedha taslimu. Hajumlishi gharama iliyokwisha kutumika. Akiona riba imeingizwa kwenye mtiririko wa fedha anaifuta kimyakimya, maana riba tayari imo ndani ya kiwango. Makosa hayo nimeyaona kwa watu wenye MBA, wenye vyeo, kwenye maandiko yaliyoingia vikao vya bodi.

Kwa NBAA mitihani mikuu ni Mei na Novemba, na somo la fedha unakutana nalo mara mbili, hatua ya kati na hatua ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa masomo ya mwanzo. Aliyesoma ualimu au kilimo anaanzia chini kabisa, na hapo ajue kwamba kati yake na somo la fedha kuna ukaguzi, kodi, sheria na taarifa za fedha za viwango vya kimataifa. Hiyo ndiyo bei. Huwezi kwenda CPA ukachukua fedha za kampuni peke yake ukaondoka.

Ila cheti kina nguvu ya kisheria na ya soko ambayo MBA haina. Tangazo la kazi ya mhasibu mkuu likisema CPA(T), MBA yako haisomwi.

CFA: unakitumia kumpima mwingine

Hii niliifanya hatua ya kwanza. Mara ya kwanza nilianguka, na sababu ni ya kuchekesha: nilisoma zaidi nilichokipenda. Nilidhani kwa kuwa nimetoka MBA, fedha za kampuni zitanibeba. Ukweli ni kwamba kwenye hatua ya kwanza mada hiyo inabeba kati ya asilimia 6 na 9 tu ya mtihani. Maadili peke yake ni 15 hadi 20. Niliyapuuza maadili kama mtu anayeruka salamu, nikalipa.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Nataka kujua fedha za kampuni, nimejisajili CFA," namuuliza kama anajua anaelekea wapi. Mtaala huu umeandikwa kwa anayekaa upande wa pili wa meza: mwekezaji anayeitazama kampuni kwa nje na kuuliza hisa zake zinastahili bei gani. Hisa za Vodacom Tanzania zilipouzwa mwaka 2017 kwa shilingi 850 moja, au za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, mtu wa CFA swali lake ni "ninunue kwa bei hiyo?" Mtu wa MBA, kampuni yake ikichangisha hela, anauliza "hela hii tuipeleke wapi?" Kwa shemeji wangu, CFA ingemfaa zaidi mtu anayetaka kununua ubia kwenye kinu chake.

Kiwango huku kinatokana na modeli. Unapewa kiwango kisicho na hatari, beta (kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba pamoja na soko), na nyongeza ya soko (faida ya ziada wanayodai wenye hisa kwa hatari), unazidisha na kujumlisha. Maswali 180, kila moja na majibu matatu ya kuchagua, kwa saa nne na nusu zilizogawanywa vipande viwili. Huna muda wa kubishana na beta. Taasisi yenyewe inashauri kama saa 300 za kusoma kwa kila hatua, na hatua ni tatu. Mtu anayetoka kazini saa 12 jioni apige hesabu mwenyewe. Ada inalipwa kwa dola, na shilingi ikiteleza nayo inapanda.

Neno kuhusu kikokotoo, maana kuna waliopoteza alama hapa. Inaruhusiwa familia mbili tu: BA II Plus ya Texas Instruments na HP 12C, ambayo ipo sokoni tangu 1981 na bado ina wapenzi wake. Wengi hununua BA II Plus. Ukiitoa tu kwenye boksi, andika 2 + 3 × 4. Ikikupa 20 badala ya 14, iko kwenye mpangilio wa kukokotoa kwa mfuatano, ibadilishe kwanza. Na kabla ya kuingiza mradi mpya, bonyeza CF kisha 2ND CLR WORK, la sivyo namba za mradi wa jana zinabaki tumboni. Mashine ya shemeji huingia hivi: 120 na alama ya kutoa kwenye CF0, 40 kwenye C01, 5 kwenye F01, halafu IRR, CPT. Inatoka 19.86. Mimi siku ya kwanza ilinipa 34 na nikaandika kwenye daftari bila kushtuka.

Nani aende huko? Anayelenga mifuko ya hifadhi ya jamii, UTT AMIS (wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja), madalali wa soko la hisa, au idara ya hazina ya benki. Wengine wafikirie mara mbili.

Video za bure: unakijenga

Nilifika huku nikiwa nimekwishamaliza MBA, na nilikasirika kidogo kwamba hakuna aliyenionyesha mapema. Profesa Aswath Damodaran wa Stern, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha New York, ameweka bure mtandaoni masomo yake ya fedha za kampuni: video za darasani, slaidi, majaribio na majibu yake, na makaratasi ya Excel. MIT nao wameweka kozi ya nadharia ya fedha ya Andrew Lo iliyorekodiwa 2008, na Wharton wana utangulizi wa fedha za kampuni wa Michael Roberts kwenye Coursera. Ya MIT ni ya kinadharia zaidi na inapendeza kwa mwenye hesabu nzuri. Ya Wharton ni fupi na laini. Kwa swali letu la kiwango, Damodaran hana mshindani.

Nieleze kwa nini. Wakati nasoma MBA tulipewa asaimenti ya kutafuta beta ya kampuni moja iliyoorodheshwa Dar. Nilipakua bei za kila siku, nikapanga kwenye Excel, nikapiga fomula ya mabadiliko. Safu ikajaa sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, asilimia 4, sifuri, sifuri. Hisa ilikuwa inakaa siku kadhaa bila kuuzwa hata moja. Beta iliyotoka ilikuwa karibu na sifuri, maana yake kwa fomula ni kwamba kampuni ile haina hatari zaidi ya hatifungani ya serikali. Niliandika hivyo hivyo, nikapata alama saba juu ya kumi, na sikuelewa kitu.

Damodaran anasema: usiihangaikie beta ya hisa moja. Chukua wastani wa kampuni nyingi za biashara ya aina hiyo duniani, ondoa athari ya madeni yao, kisha rudisha madeni ya kampuni yako wewe. Kila Januari anatoa wastani huo kwa sekta, pamoja na nyongeza ya hatari ya kila nchi inayotokana kwa sehemu kubwa na alama za mikopo za serikali. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo. Na anasisitiza hadi inachosha: kama fedha zako ni shilingi, kiwango kiwe cha shilingi, kama kiwango ni cha dola, geuza fedha kwanza. Lile kosa la kijana wa nyuma.

Wanafunzi wake wanatakiwa kuchagua kampuni moja ya kweli na kuibeba muhula mzima: ina miradi mizuri? inakopa sana au kidogo? gawio lake linaeleweka? Mtu wa Dar anaweza kufanya hivyo hivyo na ripoti ya mwaka ya kampuni ya saruji au ya benki, zinapatikana bure. Nilifanya kwa kampuni moja, ikanichukua miezi mitano badala ya muhula, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisubiri.

Na hilo ndilo tatizo. Hakuna sapu, hakuna kudisko, hakuna ada inayouma. Nina marafiki wanne walioanza. Aliyemaliza ni mmoja, na yeye alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Bando nalo si bure, ingawa slaidi na sauti hukamilisha mengi bila video. Na Kiingereza chake kinakimbia.

Kwa anayesoma akiwa kwenye daladala, hivi ndivyo zinavyokaa zikipangwa pamoja:

| Njia | Kiwango kinatoka wapi | Nani anakusukuma | Udhaifu mkubwa |
|---|---|---|---|
| MBA | Mnakibishania | Ratiba na ada | Ubora unategemea mhadhiri na wenzako |
| CPA | Unapewa kwenye swali | Mtihani wa bodi | Fedha ni sehemu ya mzigo mkubwa |
| CFA | Modeli, uko upande wa mwekezaji | Mtihani, na dola ulizolipa | Fedha za kampuni ni kipande kidogo |
| Video | Unakijenga mwenyewe | Hakuna | Wengi huishia njiani |

Sasa nichague mimi, maana jedwali halichagui.

Kama umeajiriwa, una miaka mitano au zaidi kazini na siku moja utakaa kwenye kikao kinachoamua kununua mitambo au kufungua tawi, nenda MBA, ila tazama video za Damodaran kabla ya muhula wa somo hilo kuanza. Utaingia darasani na maswali, na mhadhiri mzuri atakupenda. Mbaya atakuogopa, nayo si hasara.

Kama umehitimu uhasibu juzi, usinisikilize kuhusu ubishi wa ukumbini. Fanya CPA kwanza. MBA bila kazi ya kubishania ni ghali, na mkono wa hesabu ukishakomaa hauozi. Wenye biashara zao wenyewe, kama yule mama wa maduka ya dawa, sioni kwa nini walipe ada ya miaka miwili kwa somo moja; video kumi na mhasibu mzuri wa kumuuliza zinatosha, labda kama wanataka na mtandao wa watu, ambao MBA huuza kwa siri pamoja na shahada. CFA nimeshasema.

Kabla ya kulipa popote, omba mitihani ya nyuma ya somo la fedha ya miaka miwili, mitatu. Tafuta swali la mradi. Kama kiwango kimeandikwa, jua unakwenda kujifunza kukokotoa. Kama swali linakupa hadithi ya kampuni na kukuachia utafute mwenyewe, jua unakwenda kujifunza kuamua. Vyote viwili vinahitajika, ila ni vizuri ujue unalipia kipi.

Shemeji nilimrudia baada ya wiki mbili, nikiwa na kurasa sita na michoro. Nilianza kumweleza viwango, hatifungani, magunia ya binamu. Akanisikiliza kwa adabu. Nikafika mahali pa kumuuliza kitu ambacho, nikikumbuka sasa, sikuwa nimemuuliza tangu simu ya kwanza.

"Shemeji, hiyo milioni 120 isipoingia kwenye mashine, inakwenda wapi?"

"Kwenye alizeti. Nanunua wakati wa mavuno, naweka, nauza ikiadimika. Kumi inarudi kumi na tatu kabla ya mwaka kuisha."

Asilimia 30. Nikapiga kwenye kikokotoo palepale, bila hata magunia: hasara ya milioni 22.6.

"Basi usinunue," nikamwambia.

"Sasa shemeji," akasema, "si ungeniuliza hilo siku ile ile ukiwa Ubungo?"